Ukinunua kitu cha zamani, nunua na habari zake

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Nashona magauni ya harusi na sare za shule, na katikati ya kazi hizo natengeneza kumbukumbu: pembe ya kanga ya marehemu mama ndani ya fremu, sanduku la bati la babu lililorudishwa uhai ili litunze karatasi za ukoo, senti yenye tundu ikawa kidani. Haya nayaandikia mtu anayetaka kuanza, mwenye jicho na mkono mwepesi, ila hajui aingilie wapi.

Watu huniletea kitu na swali la kwanza huwa: nikisafishe kwa nini ili king'ae? Mimi huuliza: kilikuwa cha nani? Asiyejua, namwomba arudi kwa aliyemuuzia akaulize kabla sijagusa brashi. Dele la shaba, lile birika la kahawa, lisilo na mwenyewe ni shaba tu, na shaba ina bei yake kwa kilo. Dele ambalo mzee fulani alilitembeza stesheni alfajiri, akigonganisha vikombe, hilo ni jambo jingine kabisa, na ukilisugua ovyo utakuwa umemfuta yeye.

Pa kupata

Msimu mzuri kuliko yote ni Shaabani. Watu wa pwani hufagia nyumba mpaka darini kabla ya Ramadhani, hupaka chokaa, na kila kilicholala uvunguni miaka na miaka hutolewa barazani. Pita mitaani asubuhi, salimia, uliza. Usingoje kitu kifike jaani, maana kikifika huko kimeshaachana na mtu wa kukuambia habari zake.

Wa pili ni vijana wa vyuma chakavu, wenye mikokoteni na baiskeli. Jenga nao urafiki wa kweli. Waachie namba yako, waambie unataka nini: madele, mirashi ya kunyunyizia marashi, vyetezo vya kufukizia ubani, kandili, pasi za mkaa, funguo kubwa, masanduku ya bati. Walipe zaidi ya bei ya kilo, na ulipe papo hapo. Kisha uliza nyumba waliyokichukua. Kijana akikuambia "kule barabara ya kumi na mbili, nyumba yenye mwembe," hiyo nayo ni sehemu ya ulichonunua. Nenda kapige hodi.

Mafundi wazee nao usiwasahau. Tanga ni mji wa baiskeli, na fundi baiskeli wa siku nyingi ana kopo la kengele, taa na nembo za baiskeli ambazo hazitengenezwi tena. Fundi saa ana saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Hapo uliza kwa adabu kama kitu kina mwenyewe anayesubiriwa.

Ukitoka nje ya mji, Pangani na Muheza kuna mengi, na sababu yake iko katika historia yetu. Mkonge uliingizwa huku na Richard Hindorf mwaka 1893, na mwaka huohuo Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Tanga, ikafika Moshi 1911. Kwa hiyo ukifungua sanduku la mzee wa mkoa huu, mara nyingi utakutana na reli, bandari au shamba la mkonge: kandili la kazi, filimbi, kisu, kadi ya kipande yenye vyumba vya siku thelathini alizotakiwa kufanya kazi ndipo alipwe. Ukivijua vitu hivyo kabla hujaviona, hutavipita. Mimi nawapeleka wanafunzi wangu Makumbusho ya Urithi, kwenye boma la zamani la Wajerumani, wakatazame tu picha za kale za mji wetu kabla hawajatumia hata shilingi.

Kuzungumza na mwenye kitu

Hapa ndipo kazi yote ilipo, nami sina haraka hapa.

Ingia kwa hodi na shikamoo. Kaa unapokaribishwa. Usishike kitu kabla hujapewa. Maongezi yangu na bibi mmoja wa Chumbageni yalikwenda hivi:

"Bibi, dele hili lilikuwa la nani?"

"La babu yenu. Akiuza kahawa stesheni, tangu hatujaoana."

"Na hapa kwenye kitako, mbona limebonyea?"

"Ah, hapo! Siku treni ya Moshi ilipochelewa, watu wakasongamana, likamponyoka likagonga reli. Kahawa yote chini. Alirudi nyumbani anacheka."

Tazama alichonipa. Bonyeo ambalo fundi mwingine angelinyoosha kwa nyundo ndilo lenye babu ndani yake. Sikulinyoosha. Nililipangusa tu, nikaandika maneno ya bibi, na baadaye mjukuu wake aliyekuwa anaoa ndiye aliyelichukua, tena kwa ridhaa ya bibi mwenyewe.

Kwa hiyo uliza maswali yenye pa kushika. "Hiki kina historia gani?" ni swali gumu kwa mtu mzima, atakujibu "cha zamani tu." Uliza: nani alikishika mara ya mwisho? Kilikaa chumba gani? Hapa kumetokea nini? Ombeni ruhusa ya kurekodi kwa simu, kisha iache simu mezani na uendelee kuongea. Piga picha ya kitu kikiwa mikononi mwa mwenyewe. Picha hiyo itakuja kuwa na thamani kuliko kitu chenyewe.

Na bei sema kwa haki. Kama unajua kitu kina thamani, mwambie. Muulize pia kama kuna mtoto au mjukuu anayekitaka, kwani nimeona ndugu wakigombana kwa ajili ya chetezo cha udongo. Kijana akikuletea vyombo vya bibi yake, muulize bibi yuko wapi na kama anajua. Akibabaika, usinunue, hata kama kitu ni kizuri namna gani.

Vya kuacha vilipo

Milango na fremu za milango zilizochongwa kabla ya 1940 zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Huwezi kuuza, kubadilishana wala kutoa nje ya nchi bila kibali. Ndivyo ilivyo pia kwa vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863. Mtu akikuletea kipande cha mlango kilichong'olewa usiku, kataa, na mwambie sababu.

Kaburini usichukue kitu. Nendeni Tongoni, kusini mwa mji, mtazame zile nguzo za makaburi: zilipachikwa mabakuli ya kauri, leo vimebaki vishimo vitupu. Hata kigae kilicholala chini pale ni cha pale.

Pembe za ndovu na gamba la kasa usiguse, hata ukiambiwa ni bangili ya bibi. Na kwa kuwa hapa palipiganwa vita Novemba 1914, kati ya Wajerumani na jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India, vyuma vya vita hufukuliwa mara kwa mara. Ganda tupu la risasi ni salama. Lenye kichwa chake bado, au kombora lolote, usilisogeze: weka watu mbali, waite polisi.

Kukagua kabla ya kulipa

Beba sumaku ndogo. Shaba halisi haishiki sumaku. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na kwa upepo wetu wa bahari kutu itatokeza chini ya ile rangi. Mbao igonge kwa kifundo cha kidole juu ya karatasi nyeupe: ukidondoka unga laini, bungua, wadudu wala mbao, wamo. Usiiingize ndani ya nyumba kabla hujaitibu, maana watahamia kwenye kitanda. Mimi naitia mafuta ya taa kwa bomba la sindano, tundu kwa tundu, naifunga ndani ya nailoni nyeusi, naiweka juani wiki moja, kisha naigonga tena.

Sahani na bilauri za bati zenye maua ni nzuri sana, ila zile zilizobanduka rangi zisirudi mezani kwa chakula, kwani rangi za zamani zaweza kuwa na sumu. Zifanye za ukutani au za kuwekea vifungo. Rangi ya kale kwenye mbao nayo usiipige msasa mkavu. Yaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni baya hasa kwa watoto. Lowesha kwanza, funga pua na mdomo, fanyia nje.

Cherehani ya Singer ina namba kwenye kitako. Ikianza na herufi E na herufi nyingine kando yake, mara nyingi ilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa 1980. Zungusha gurudumu kwa mkono. Likizunguka, hata kwa uzito, tia mafuta, ngoja siku mbili, zungusha tena. Cherehani inayoshona usiivunje kutengeneza meza. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu naona miguu ya Singer mikahawani imebeba vioo, na najua vichwa vyake vilikwenda kuyeyushwa vikiwa vizima. Tumia miguu ya ile tu ambayo kichwa chake kimekufa kabisa.

Kusafisha

Anza na kilicho chepesi: brashi laini kavu, kisha kitambaa chenye maji kidogo, kisha basi. Shaba watu husugua kwa ndimu na chumvi au ukwaju, na inang'aa kweli, lakini tindikali ikibaki kwenye mikunjo inaila shaba. Ukilazimika, sugua sehemu ya maandishi au nakshi tu, suuza kwa maji mengi, kausha hapohapo. Weusi wa moto kwenye kitako cha dele uache. Chuma chenye kutu kiloweke mafuta ya taa usiku kucha, sugua kwa nyuzi za chuma, kipanguse, kipake mafuta ya cherehani.

Sarafu usizisafishe kabisa. Wanaozinunua huzitaka na rangi yake ya umri.

Pembe nne za kanga

Kazi ninayoombwa kuliko zote ni hii. Mama amefariki, ameacha kanga moja aliyokuwa akijifunga kila siku, na watoto ni wanne. Wanakuja nayo imefungwa kwenye mfuko na hawajui wafanyeje.

Kanga ina pembe nne, na kila pembe ina pindo la pande mbili. Kwa hiyo kila mtoto anapata pembe yake, na jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, linabaki zima. Jina halikatwi, haliguswi. Wakiwa na doti kamili, pembe ni nane, na hapo hata wajukuu wanapata.

Kwanza itazame vizuri. Kanga zilizo nyingi zina ukubwa wa karibu sentimita 150 kwa 110. Ukiona imeandikwa "K.H.E. Mali ya Abdulla", ni kazi ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, biashara iliyoanza 1887, na wengi watafurahi kuambiwa hivyo. Jina likiwa kwa herufi za Kiarabu, huenda ni kanga ya zamani sana. Ipige picha kanga nzima kabla hujaikata, na waombe ndugu wote wawepo au watoe neno lao.

Jaribu rangi: lowesha kitambaa cheupe, kibonyeze kwenye kona moja kwa dakika. Kikitoka na rangi, usiifue. Ipige hewa kivulini tu. Kikitoka cheupe, ifue kwa maji baridi na shampuu ya mtoto, bila kukamua, uilaze juu ya taulo kivulini. Jua letu la adhuhuri linaiba rangi siku moja. Madoa ya hina, ya mafuta ya nazi, tundu dogo la cheche ya jiko: yaache. Binti mmoja alilia alipoona lile tundu, kwa kuwa alikuwepo jikoni siku ile.

Pima urefu wa jina kabla hujaamua ukubwa wa pembe. Sentimita 35 kwa 35 kwa kawaida inaacha jina na nafasi kila upande, lakini jina refu linaweza kukulazimisha ushuke hadi 30. Chora kwa chaki ya fundi upande wa nyuma. Kata kwa mkasi mkali, taratibu, mkono mmoja ukiwa umekandamiza nguo mezani.

Kila pembe ilaze juu ya kipande cha bafta safi, kitambaa cheupe cha pamba, kikubwa kuliko yenyewe kwa vidole vinne kila upande. Piga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya uzi wa pamba, kuanzia katikati kwenda nje ili nguo isijikunje. Sehemu zilizochakaa zishonee kwenye bafta kwa mishono midogo ya uzi wa rangi yake. Zile pande mbili ulizokata zikunje ndani kwa upana wa kidole, ushone. Pande mbili zenye upindo wa asili ziache kama mama alivyoziacha, hasa kama alizipinda yeye kwa mkono.

Kisha vuta bafta ikumbatie ubao mwembamba, uishone kwa nyuma kwa nyuzi za kuvutana. Gundi usitumie, inageuka njano na kula nguo. Kwa fundi seremala agiza fremu ya mninga au ya mbao iliyotoka kwenye nyumba hiyohiyo kama ipo, na mwambie aweke vipande vyembamba vya mbao kati ya kioo na nguo. Tanga ina unyevu, na nguo inayogusa kioo itagandana nacho.

Kipande cha katikati chenye jina anakichukua mtoto mkubwa, au kinakaa kwenye nyumba ambamo ndugu wote hukutana sikukuu. Hilo waamue wao.

Sanduku la bati, sarafu na karatasi

Sanduku la bati nalirudisha hivi: natoa kutu, naipaka ndani rangi nyepesi, naacha nje ilivyo na jina la mwenyewe lililoandikwa kwa brashi, kisha naweka bitana ya bafta iliyoshonwa, isiyogundishwa, ili itoke ifuliwe. Bawaba zilizovunjika ziundwe upya na fundi bati, asibadilishe kitasa. Ufunguo ukipotea, acha bila.

Ndani mara nyingi kuna karatasi. Kadi ya kipande, barua, cheti cha ubatizo au hati ya ndoa, picha za studio. Usizipeleke kupigwa leminesheni. Joto na plastiki vitaziharibu, na hakuna kurudi. Weka kila moja kwenye bahasha ya karatasi nyeupe, toa nakala, na nakala ndiyo uitumie kwenye fremu. Picha zilizogandana usizibandue kwa kucha.

Sarafu zina raha yake. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki ya Waingereza zina tundu katikati, na heller 10 za Wajerumani, zilizoanza 1908, zina tundu pia. Maana yake hakuna haja ya kutoboa chochote. Pitisha uzi wa pamba uliosokotwa au ugwe wa ngozi, funga, umepata kidani ambacho sarafu yake haikuumia hata kidogo. Kwa mtoto aliyezaliwa Tanzania huru, watu hupenda senti 5, 20 na 50 za kuanzia 1966: samaki, mbuni na sungura. Hizo hazina tundu, basi zifungie kwenye kikapu kidogo cha waya wa shaba. Ukiuziwa dhahabu ya Tabora ya 1916, ile ya rupia 15 yenye ndovu, usilipe mpaka sonara aipime, kwani za kughushi ni nyingi.

Lebo, kisha ukuta

Lebo naishona nyuma ya kila kitu. Utepe wa bafta, maandishi kwa kalamu isiyofutika: jina la mwenyewe, mahali, alikitumia kwa nini, nani alinipa na mwaka gani, na alama yoyote iliyomo na sababu yake. Ya lile dele imeandikwa "bonyeo: lilianguka kwenye reli, treni ya Moshi ilipochelewa". Kwa karatasi tumia penseli. Rekodi ya simu ihifadhi sehemu mbili, na umtumie mtu mwingine wa ukoo siku hiyohiyo.

Fremu usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni, wala juu ya jiko, wala ukuta wa bafu. Acha nafasi ya kidole nyuma yake kwa vizibo viwili chini, hewa ipite. Masika yakiisha, mwezi wa Juni hivi, ishushe na uifungue kwa nyuma. Ukiona ukungu, itoe nguo, ianike kivulini penye upepo kutwa nzima, ipige brashi laini ukiwa nje ya nyumba, badilisha karatasi ya nyuma, kisha irudishe.